Fyuzi ya AC imeungua: jinsi nilivyoitafuta na kuibadilisha mwenyewe

Mimi ni mshonaji, si fundi magari. Nalisema mapema ili fundi akipita hapa asishike kichwa. Lakini fyuzi ya AC ya gari langu nimeitafuta mwenyewe, nikang'oa isiyohusika, nikaipata yenyewe, nikaibadilisha, na miezi michache baadaye ikaungua tena. Kubadilisha fyuzi ni kazi ya dakika tano. Kinachokula muda ni kujua ni ipi, na kwa nini imeungua.

Siku yenyewe nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki. Saa nane mchana, foleni haisogei, AC nimeiwasha tangu tunatoka nyumbani. Feni inavuma kwa nguvu zake zote, na Mama huko nyuma anajipepea kwa kadi ya kliniki. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, hiki chako kinapuliza jua lilelile la nje."

Sikujua siku ile, ila maneno hayo yalikuwa nusu ya uchunguzi.

Anza na hewa, usianze na fyuzi

AC ya gari haina fyuzi moja. Ina njia kadhaa za umeme, kila njia na fyuzi yake, na kila moja ikikatika gari linaonyesha dalili tofauti. Kwa hiyo kabla hujafungua kifuniko chochote, weka mkono mbele ya matundu ya hewa.

Kama hakuna hewa inayotoka kabisa, hata ukipeleka feni mpaka namba ya mwisho, tafuta fyuzi ya feni ya ndani. Kwenye mchoro wa kisanduku cha fyuzi huandikwa HTR, HEATER au BLOWER, na mara nyingi ni kubwa, ampea 30 au 40, kwa sababu mota ile inakula umeme mwingi. Kama feni inavuma kwenye namba ya mwisho tu na namba nyingine zote zimekufa, achana na fyuzi. Hiyo ni resista ya feni, kifaa kinachopunguza kasi yake: kwenye namba ya mwisho umeme hauipitii, ndiyo maana namba hiyo peke yake imebaki hai.

Kama hewa inatoka vizuri lakini ni ya moto, kama ilivyokuwa kwa Mama, shida iko upande wa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza. Fyuzi yake huandikwa A/C, A/C COMP au MG CLT, yaani klachi ya sumaku. Hii huwa ndogo, ampea 7.5 au 10. Na kama AC inapoza gari likitembea lakini inatoa joto mkisimama, tazama feni ya mbele kwenye rejeta: RDI FAN, CDS FAN au COND FAN. Hiyo usiichelewe, maana kwenye magari mengi feni hiyohiyo ndiyo inayopoza injini. Mshale wa joto unaweza kupanda wakati wewe unahangaika na jasho.

Kuna kipimo kimoja cha bure cha upande wa kompresa. Fungua boneti, injini ikiwa inawaka, mwenzako akae ndani abonyeze kitufe cha AC. Kompresa ina puli mbele inayozungushwa na mkanda. Puli huzunguka muda wote injini ikiwaka, usidanganywe nayo. Tazama bamba dogo lililo mbele ya puli. AC ikiwa imezimwa, bamba limetulia. AC ikiwashwa, sumaku inalivuta, unasikia "tak!", na bamba linaanza kuzunguka pamoja na puli. Mimi nilimwomba mwanangu abonyeze, akabonyeza, akabonyeza tena, bamba likanitazama tu. Hakuna "tak".

Hapo ndipo nilipogundua kwamba futi yangu ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni, ncha yake ikicheza karibu kabisa na mkanda unaozunguka. Vua kila kinachoning'inia: futi, mtandio, kamba ya kitambulisho. Nywele ndefu zifunge.

Magari mengine mapya yana kompresa isiyo na klachi ya namna hii, kwa hiyo kukosa "tak" kwake si ugonjwa. Na kama gari lako ni haibridi au la umeme, kompresa yake huendeshwa na umeme wa volti nyingi unaopita kwenye nyaya za rangi ya machungwa. Fyuzi ndogo za volti 12 unaweza kuziangalia, ila hizo nyaya za machungwa usiziguse hata kwa kidole.

Visanduku vya fyuzi viko wapi

Gari huwa na visanduku viwili, mengine vitatu. Cha kwanza ni kisanduku cheusi cha plastiki chini ya boneti, mara nyingi jirani na betri, kinafunguka kwa kubana vikwamizo vya pembeni. Cha pili kiko ndani: karibu na goti la dereva chini ya usukani, au nyuma ya droo iliyo mbele ya abiria, au ubavuni mwa dashibodi, mahali panapofichwa na mlango ukifungwa. Baadhi ya magari yana kingine kwenye buti. Kitabu cha gari kinaonyesha. Ukilazimika kutoa droo ya abiria na ukaona soketi za njano humo ndani, zipishe. Kwa kawaida rangi hiyo ni ya nyaya za mifuko ya hewa, na hazihusiani na AC.

Fyuzi ya kompresa na ya feni ya mbele mara nyingi ziko chini ya boneti, na ya feni ya ndani iko chini ya dashibodi, lakini usiape. Soma mchoro ulio upande wa ndani wa kifuniko.

Na hapa ndipo nilipokosea. Kifuniko changu kimeandikwa Kijapani, isipokuwa vifupisho vya herufi za Kirumi. Nilikitoa, nikakigeuza nisome, nikahesabu: safu ya pili, ya tatu kutoka kushoto. Nikang'oa. Saa ya gari ikafutika na redio ikasahau stesheni zote. Nilichosahau ni kwamba ukigeuza kifuniko, kushoto kwake kunaweza kuwa kulia kwa kisanduku. Ni kama kukata mkono wa shati kitambaa kikiwa kimelala ndani nje: unapata mikono miwili ya kushoto. Tafuta alama kubwa kwanza, kwa mfano rilei (swichi ya kisanduku kidogo inayowashwa na umeme) kubwa kuliko zote au nafasi iliyo tupu, ilinganishe na mchoro, ndipo uhesabu. Na piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, ujue kila fyuzi ilikuwa wapi.

Rangi na namba

Kisanduku cha fyuzi kikifunguliwa kinafanana na kopo langu la vifungo. Rangi zina maana, na kwa fyuzi za bapa za kawaida zinafuatana hivi: hudhurungi mpauko ni ampea 5, kahawia ni 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, nyeupe inayopitisha mwanga 25, kijani 30. Namba pia imechapwa kichwani mwa fyuzi.

Lakini usiamini rangi ya fyuzi uliyoikuta. Amini mchoro. Nafasi yangu iliyoandikwa A/C, mchoro ulisema 10, kwa hiyo nilitegemea nyekundu. Nikakuta ya njano, 20. Mtu fulani, kabla gari halijafika mikononi mwangu, alichoka na fyuzi nyekundu zinazoungua akaweka inayovumilia mara mbili.

Mshonaji anaelewa jambo hili haraka. Sindano za mashine zina namba: 11 ya kitambaa chepesi, 14 ya kawaida, 16 au 18 ya jinzi. Sindano ikivunjika, kinachoumia ni sindano, unaweka nyingine. Ukilazimisha nene kwenye hariri, kinachoharibika sasa ni nguo ya mteja. Fyuzi ya 10 imewekwa pale kwa sababu waya wa njia ile umepimwa hivyo. Ukiweka 20, kwenye shoti waya utapata moto kabla fyuzi haijakatika, na waya huo unapita pamoja na nyaya nyingine. Karatasi ya sigara, kipande cha waya, pini: vyote vinaingia pale, na sindano yangu ya mkono ingeenea vizuri kabisa. Usifanye hivyo hata kwa kufikia nyumbani. AC haijawahi kumzuia mtu kufika nyumbani, fungua vioo.

Kuing'oa na kuikagua

Zima gari, toa ufunguo. Ndani ya kifuniko, au katikati ya fyuzi zenyewe, angalia kibano kidogo cha plastiki, cheupe au cha njano. Ndicho cha kung'olea. Bana kichwa cha fyuzi, vuta wima. Ukiiyumbisha kushoto na kulia unapanua soketi, kisha fyuzi mpya inakaa legelege na inapata joto. Mimi sikukiona kibano hicho, nikaanza na kibano changu cha chuma cha kutungia uzi wa ovaloki. Usinifuate. Baadhi ya fyuzi za chini ya boneti zina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, na chuma kikigusa mbili kwa pamoja utaona cheche. Zile fyuzi kubwa zilizofungwa kwa nati ni habari nyingine: hizo usizifungue kabla hujatoa waya wa hasi wa betri.

Inue fyuzi kwenye mwanga. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa chuma uliopinda, umeunganisha miguu miwili. Ukiwa mzima, tatizo liko kwingine. Ukiwa umekatika, angalia umekatika vipi, na hapa naomba usiwe na haraka kama nilivyokuwa. Utepe ulioyeyuka kwa utulivu, ukaacha pengo dogo safi, kwa kawaida unaonyesha mzigo uliozidi kidogo kwa muda, kama mota iliyochoka. Utepe uliolipuka ukaacha moshi mweusi ndani ya plastiki unaonyesha shoti: umeme mwingi umepita kwa ghafla, kwa maana waya mahali fulani umegusa bodi ya gari. Yangu ilikuwa nyeusi kama kiberiti kilichowashwa. Nikaitupa kwenye kopo la vifungo nikaendelea.

Macho hudanganya wakati mwingine, maana ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Ukiwa na mita ya umeme, iweke kwenye alama ya mlio, gusa miguu miwili ya fyuzi iliyotolewa. Ikilia ni nzima. Unaweza pia kuipima bila kuing'oa: kichwani mwa fyuzi nyingi kuna nukta mbili za chuma zilizo wazi. Weka mita kwenye volti 20 za umeme wa betri, waya mweusi kwenye hasi ya betri, fungua ufunguo bila kupiga stata, kisha gusa nukta moja baada ya nyingine kwa waya mwekundu. Zote zikisoma karibu volti 12, fyuzi ni nzima. Moja ikisoma 12 na nyingine sifuri, imekatika. Zote zikisoma sifuri, umeme haujafika pale kabisa. Hilo la mwisho lisikutie hofu upesi, kwani kwenye baadhi ya magari fyuzi hii inapata umeme pale tu AC inapowashwa, ndiyo maana mimi napenda kuing'oa na kuipima nje.

Kurudisha

Ndani ya kifuniko mara nyingi kuna fyuzi za akiba. Nilikuta nyekundu moja. Ukikosa, nenda na ile ya zamani ukalinganishe umbo, maana zipo za kawaida, ndogo, fupi zaidi na pana, na 10 ndogo haikai kwenye nafasi ya 10 ya kawaida. Umbo lilingane na iliyotoka, namba ilingane na mchoro.

Kabla hujaiingiza, chungulia soketi. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe, ni kutu. Ukiona plastiki imeyeyuka, kisanduku chenyewe kinahitaji fundi. Kama pako safi, ingiza kwa kidole mpaka kichwa kilingane kimo na majirani. Washa injini, washa AC, baridi hadi mwisho. Mwanangu akabonyeza, "tak!", bamba likazunguka, injini ikashuka sauti kidogo kisha ikajikaza, kama mashine ya kushona inapofika kwenye pindo nene.

Ikiwa fyuzi ni nzima na bado hakuna "tak", jaribu rilei ya A/C kwa kubadilishana na nyingine yenye namba ileile kabisa, ya honi kwa mfano. Ikikataa pia, huenda gesi imepungua: kuna swichi ya presha inayoinyima kompresa umeme gesi ikiwa chini, isije ikajiua. Gesi waachie wenye geji. Na anayetaka kuongeza gesi bila kutafuta inakovujia, mwulize imeenda wapi.

Ikiungua tena

Fyuzi mpya ikiungua, usikimbilie kuweka ya tatu. Jiulize iliungua wakati gani, kwa sababu jibu hilo linampunguzia fundi kazi na wewe bili. Ikiungua pale tu unapofungua ufunguo, AC ikiwa imezimwa, shoti iko kwenye nyaya za kabla ya rilei. Ukibonyeza AC ndipo ikaungua, tazama koili ya klachi (ile sumaku inayovuta bamba) au waya wake. Ikikaa dakika kumi au ishirini kwanza, kuna kitu kinachoelemewa kikipata joto: mota ya feni iliyokaza, au koili inayochoka. Ikiungua gari likiruka kwenye mashimo au ukikata kona, kuna waya unaosuguliwa.

Koili yenyewe inapimika. Nyingi za volti 12 zina ukinzani wa takriban omu 3 hadi 4. Gawa 12 kwa 3.6 unapata ampea 3 na kidogo, kwa hiyo fyuzi ya 10 ina nafasi ya kutosha. Nyaya za ndani ya koili zikigusana, ukinzani ukashuka mpaka omu 1, koili inataka ampea 12, na ile 10 haikubali. Ndiyo kazi yake.

Yangu iliungua kwenye barabara ya mashimo, baada ya bonde moja kubwa. Safari hii nilizima injini, nikaiacha ipoe, nikachomoa soketi ya waya unaoingia kwenye kompresa. Nikaweka fyuzi mpya ya 10, nikawasha, nikabonyeza AC, nikautikisa ule waya kwa fimbo ya plastiki. Fikra yangu ilikuwa hii: kompresa ikiwa imechomolewa na fyuzi ikapona, ubaya uko kwenye koili, na ikiungua, ubaya uko kwenye waya. Ikaungua.

Nikazima, nikashika tochi, nikaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye soketi kurudi nyuma. Unapita chini ya chuma kinachoshikilia kompresa, na pale kwenye ukingo, ganda lilikuwa limelika. Shaba ilimetameta kama uzi wa dhahabu, urefu wa punje ya mchele. Kandokando yake ganda lilikuwa limekauka, gumu, ukilikunja linapasuka. Nadhani hiyo ni kazi ya ile fyuzi ya njano: kila waya ulipogusa chuma, badala ya fyuzi kukatika upesi, waya ulikaangwa kidogo.

Nilimpelekea fundi umeme nikamwambia hivi: inaungua gari likiruka, kompresa ikichomolewa bado inaungua, na waya umechubuka hapa. Hakutafuta kitu. Alikata kipande kibovu, akaunganisha kingine chenye unene uleule, akakivika ganda linalonywea kwa joto, akaufunga mbali na ule ukingo.

Nilirudisha fyuzi ya akiba kwenye kifuniko, na pembeni ya nafasi ya A/C nikaweka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, nisije nikahesabu safu tena kifuniko kikiwa kimegeuka. Mama aliiona siku nyingine boneti ikiwa wazi. Akaniuliza kama gari nalo linaenda harusini.